Lami Juu ya Kutu

Habari ilimkuta Pascasie ameinama juu ya beseni, anafua nguo za kazi za marehemu baba yake ili zigawiwe kwa ndugu. Aliyeileta ni Mama Lucie, muimbaji wa sauti ya kwanza katika korale, ambaye mkono wake ulikuwa bado umefungwa plasta. Alikaa kwenye kibao, akapumua, kisha akasema kwamba basi dogo la korale limekwisha kutengenezwa, liko uwanjani parokiani, leo linapakwa lami chini, na Jumapili, baada ya misa ya kumaliza matanga ya baba yake, Muzee Josias, padri wao Abbé Landry atalibariki upya. Aliyasema hayo kama mtu anayeleta habari njema.

Pascasie hakumuuliza kitu. Alikamua ile suruali mpaka vidole vikauma, akaianika, akaingia ndani. Mama yake, Mama Valérie, alikuwa amelala kifudifudi kitandani kama alivyozoea tangu mazishi. Pascasie akachukua burashi ya chuma iliyokuwa chini ya kitanda hichohicho, akatoka nayo mkononi bila hata kuifunika, akashika njia ya parokia.

Ili ijulikane kwa nini binti wa watu alitembea mitaani Katindo, mjini Goma, na burashi ya chuma, amefura kama mtu anayekwenda kupigana, lazima kwanza ielezwe baba yake alikuwa mtu gani.

Josias alizaliwa katika vilima vya Masisi, katika ukoo wa wafugaji. Vita viliwamaliza ng'ombe, naye akashuka Goma akiwa kijana, akajifunza kuendesha kwenye kamyo, malori ya viazi. Hakubaki na mnyama hata mmoja, lakini tabia ya mfugaji haikumtoka. Kule kwao mnyama akilala kwenye tope, unamwosha miguu na kumkagua kwato kabla hujanywa chai yako. Yeye alifanya hivyo kwa magari. Kila gari alilokabidhiwa, Jumamosi ililikuta juu ya mawe, yeye yuko chini yake, kifua wazi, anakwangua.

Goma si mji wa kuonea gari huruma. Mvua yake inapita kwanza katika moshi wa volkano ndipo iwafikie watu. Bati lililopigwa misumari wakati mtoto anabatizwa linavuja kabla hajapata komunyo ya kwanza. Njia ni mawe ya lava. Yanachubua rangi chini ya gari, kisha vumbi jeusi linajaa kwenye michubuko na kushika maji kama godoro. Madereva wote wanajua hayo. Tofauti ya Josias ni kwamba alikubali kungoja. Aliosha chini kwa maji mengi, akakwangua kutu mpaka chuma chenyewe kikaonekana, halafu akaacha gari likauke, hata kama mwenye gari anapiga simu na kutukana. Likishakauka ndipo alipochukua mafuta ya ng'ombe aliyoomba machinjioni, akayayeyusha pamoja na mafuta machafu ya injini, akapaka kidogo tu, kiasi kwamba chuma kiliendelea kuonekana.

Lami hakuitaka. Alisema, "Mutu akifunikwa blanketi mpaka kichwa, utajuaje kama anapumua?"

Kwa sababu ya mafuta yale, mbwa walimfuata. Aliposimama popote, walikuja wawili watatu wakalamba chini ya gari. Madereva wenzake walimwita Bucha. Walimuuliza kama leo kuna brosheti za nyama, na kama mke wake anajua ni harufu ya nani anayolala nayo. Yeye alijibu kwamba mbwa wa Goma wanajua gari zima kuliko madereva wake, akaendelea kunywa chai. Nyumbani mambo hayakuwa ya kuchekesha sana. Pascasie alikwenda shule ya sekondari na daftari zinazonuka ng'ombe, na wasichana wa darasa lake walihama kwenye benchi. Alimchukia baba yake kwa hilo mwaka mzima. Naye Josias hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikoroma wakati wa mahubiri. Alimfokea abiria aliyepanda na tope, hata angekuwa nani. Zawadi hakujua kununua. Lakini katika maisha yake yote ya kuendesha, hakuna gari lililomkatikia njiani, mpaka hili la korale.

Korale ilichanga miaka mingi. Wamama waliuza beignets, maandazi yao, baada ya misa, vijana walifyatua matofali, na mwishowe wakapata basi dogo lililotoka Ulaya kwa meli. Sasa, katika Goma, mtu akinunua gari, watu hawaangalii kwanza injini wala viti. Wanainama. Wanaangalia chini, kwa sababu ndipo njia zetu zinapolila gari. Wakiona weusi unaong'aa, wanapiga makofi, wanasema hili bado bichi. Wauzaji wanalijua jambo hilo kuliko wanunuzi, kwa hiyo hakuna gari linalouzwa bila kupakwa lami nene chini. Korale nzima iliinama siku ile, ikaona weusi, ikapiga vigelegele.

Josias, aliyekuwa ameombwa kuwa dereva wao, alilala chini akagonga na mgongo wa spana. Mahali pengine palilia kama chuma. Mahali pengine palilia kama katoni iliyolowa. Alitoka, akamwambia prezida wa kamati ya korale, Papa Cyprien, kwamba kule gari lilikotoka wanamwaga chumvi njiani ili kuyeyusha barafu, na chumvi imekwisha kula ndani. Aliomba gari lisitembee mpaka kiangazi. Atakwangua lote, palipooza pakatwe, pachomelewe chuma kipya, pakauke, ndipo lianze kazi.

Papa Cyprien hakuwa mjinga wa mambo hayo. Yeye mwenyewe ana kamyo mbili zinazofanya njia ya Rutshuru. Alikubali, na Josias akaanza. Lakini alipotoa ile lami, wekundu ukatokea, mabaka mabaka kama ngozi yenye ukoma, na gari lilikuwa pale uwanjani, juu ya mawe, mbele ya macho ya kila mtu. Korale ilipokuja kwa mazoezi ikainama tena. Safari hii haikupiga vigelegele. Watu walianza kunong'ona kwamba kamati imenunua mzoga. Mtu mmoja akatunga hata kawimbo.

Wiki hiyohiyo malaria ilimlaza Josias. Papa Cyprien akaita vijana wawili wenye burashi na kopo la lami. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Maji yalikuwa bado yanadondoka chini ya gari. Wakapaka juu ya maji, juu ya kutu, juu ya vumbi. Jumapili gari lilifungwa maua na matawi ya mitende, ngoma ikapigwa, watu wakalizunguka wakiinama na kutabasamu, na Abbé Landry akanyunyiza maji ya baraka. Josias alikuwa amesimama nyuma kabisa, amejifunga koti kwa homa. Aliporudi nyumbani alimwambia mke wake maneno machache: wamefunga kidonda na usaha umo ndani.

Na bado aliliendesha. Hilo ndilo lililomzuia Pascasie kila alipotaka kusali. Baba yake aliomba ruhusa ya kukwangua kabla ya Pasaka, akaambiwa baada ya Pasaka. Baada ya Pasaka kulikuwa na ubatizo, kisha Pentekoste, kisha harusi ya mtu wa kamati. Pascasie alimwambia aache. Josias alijibu kwamba akiacha, watampa usukani kijana asiyejua hata kusikiliza gari, na watakaopanda ni waimbaji walewale. Kwa hiyo aliendesha polepole, anasikiliza.

Siku ile walitoka Kalengera, kwenye jubilei ya mtawa. Walikuwa wanaimba. Kwenye mteremko wa kuingia Kanyaruchinya, pale ambapo ressort, springi ya nyuma, inashikwa na chasi, chuma kiling'oka. Gurudumu la nyuma likaenda njia yake, na gari likaanza kuyumba kama mlevi. Kuume kulikuwa na vibanda vya wakimbizi, wamama wameketi na mafungu yao ya sombe, majani ya muhogo, na watoto wengi. Kushoto kulikuwa na ukuta wa lava. Dereva anakaa kushoto. Josias alilipeleka gari kwenye ukuta, upande wake. Waimbaji wote walitoka, wengine wamevunjika mkono au mguu. Yeye hakutoka.

Kwenye matanga Papa Cyprien alisimama, akavua kofia, akasema kwa sauti nzuri kwamba Mungu amechuma ua lake, saa ya mzee ilikuwa imefika, na hakuna anayeweza kuizuia. Watu wakasema amina. Pembeni, penye chai, kulikuwa na maneno mengine: kwamba mzee alisinzia kwenye usukani, uzee jamani, hata misani alikuwa anakoroma. Pascasie aliyasikia yote mawili. Aliona kwamba wanaomsifu Mungu na wanaomsema baba yake wanafanya kazi moja. Hakuna aliyetaja chuma. Alinyamaza kwa sababu jeneza lilikuwa mbele yake na mama yake ameshikiliwa na wanawake. Ndani yake kulikuwa kunawaka tu, asubuhi mpaka jioni, na kila aliyekuja kumwambia "jikaze, ni mapenzi ya Mungu" alikuwa kama anaongeza kuni.

Basi alifika parokiani. Gari lilikuwa juu ya mawe. Vijana wawili walikuwa wanakoroga lami kwenye kopo, na Papa Cyprien ameketi kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti, anawasimamia. Pascasie alimsalimia kwa heshima, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Kisha akapiga magoti, akalala chali, akaingia chini ya gari.

"Pascasie, mutoto wangu," Papa Cyprien alisema, "utachafua kikwembe."

"Kitafuliwa, papa."

Papa Cyprien aliinuka kwenye kiti, akamweleza kwa upole kwamba pale palipong'oka pamechomelewa chuma kipya, kinene, na sasa pana nguvu kuliko zamani. Pascasie aliuliza kuhusu pembeni ya chuma hicho. Papa Cyprien akasema pembeni ni peusi, ni pazima. Pascasie akaweka burashi pale pembeni na kukwangua. Lami ilitoka kwa vipande vikubwa, kama utando juu ya maziwa. Nyuma yake kulikuwa na unyevu, na nyuma ya unyevu chuma kilichopasuka matabaka matabaka, kinachomeguka. Vipande vilimwangukia usoni. Akaendelea kukwangua.

Papa Cyprien alimwacha kidogo, kisha akasema, kwa sauti ileile ya matangani, kwamba anaelewa uchungu wake, lakini kifo kimepangwa juu. Hata bila kutu, Josias angekufa siku ile.

Hapo Pascasie akatoka chini ya gari. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa kutu, na nywele zake zimejaa vumbi. Hakupaza sauti.

"Papa Cyprien, usimusingizie Mungu. Mungu hakununua lami. Mungu hakuita vijana wapake juu ya maji. Wewe uko na kamyo mbili. Zile unazikwangua kila kiangazi, nimekuona, na unangoja zikauke. Za kwako unangoja. Gari ya baba yangu ilikuwa ya Mungu?"

Aliyejibu ni mmoja wa wale vijana, bila kuacha kukoroga. Alisema kwamba ni wao waliopaka hata siku ile ya kwanza, na walimwambia papa kwamba chini kumelowa, lami haitashika. Papa alisema wapake tu, Jumapili imefika.

"Na mukapaka," Pascasie alimwambia.

"Tukapaka," kijana akasema, akaweka mti wa kukorogea chini.

Papa Cyprien alikaa tena kwenye kiti chake. Kwa mara ya kwanza ile sauti yake nzuri ilimpotea. "Ulitaka nifanye nini? Kila mutu alikuwa anapita hapa, anainama, ananicheka. Walinitungia wimbo, Pascasie. Watoto wangu waliuimba nyumbani."

"Sawa, walikucheka. Wangeendelea kukucheka. Nani amekufa kwa kuchekwa?"

Abbé Landry alikuwa amesikia, akatoka sakristia na soutane, kanzu yake nyeupe ya kuungamishia. Alikuwa padri kijana, mwenye huruma, asiyependa magomvi. Aliwashika wote wawili mabega, akasema wakati huu ni wa kusameheana, kwamba Muzee Josias mwenyewe asingependa kuona hivi, na kwamba Jumapili, mbele ya altare, wangeshikana mikono, kisha gari lingebarikiwa na mambo yangekwisha.

Pascasie alitoa mkono wa padri begani mwake, polepole, bila kumkosea heshima.

"Abbé, kusamehe sijakataa. Nakataa ubariki kitu hujakiangalia. Ile siku ulinyunyiza maji juu. Leo lala chini uangalie."

Papa Cyprien akasema haifai, ni padri, tena na soutane. Vijana walitazama pembeni. Abbé Landry alisimama, anatazama lami iliyotapakaa juu ya mawe, anatazama mikono yake. Akakunja soutane mpaka magotini, akalala chali, akaingia.

Kutoka chini ya gari wakasikia Pascasie, aliyeingia naye, akimwonyesha: hapa, sasa hapa, sasa weka kidole. Padri alipotoka, soutane ilikuwa na doa jeusi mgongoni na jekundu kifuani, na kidole chake cha shahada kilikuwa chekundu mpaka kiungo cha pili, kwa sababu kilikuwa kimeingia ndani ya chuma. Alikiangalia kile kidole muda mrefu. Kisha akasema Jumapili hakuna gari litakalobarikiwa. Atamwombea Josias, na atasema altareni, wazi, Josias alikufa kwa nini. Waimbaji watakwenda makaburini kwa miguu.

Papa Cyprien aliwaambia vijana wafunike kopo. Akaondoka bila kuaga.

Mtu angedhani Pascasie alirudi nyumbani mwepesi. Hapana. Alirudi chini ya gari, peke yake, akakwangua, na alipokuwa anakwangua alisali, lakini haikuwa sala ya upole. Alimwambia Mungu kwamba hamlaumu, kwa hiyo asiwaache watu wake wamtumie kama lami. Kisha akamgeukia baba yake. Ulijua, alimwambia. Uligonga ukasikia. Kwa nini uliendelea kupanda? Kama ungeegesha gari hili katikati ya uwanja na kutupa ufunguo ziwani, nani angekufanya nini? Alimlaumu hivyo kwa sauti ya chini, huku kutu ikimwangukia machoni, naye hakujua kama machozi ni ya kutu au ni ya nini.

Jumapili kanisa lilijaa. Abbé Landry, kabla ya komunyo, alisema kwamba Muzee Josias hakusinzia. Chuma cha gari kilikuwa kimeoza, kilifichwa kwa lami, mzee alisema na hakusikilizwa, na yeye Abbé alibariki bila kuangalia. Alisema hayo tu, hakuyapamba. Mama Valérie, aliyekuwa hajaketi wima tangu mazishi, aliketi wima. Kwenye benchi la kamati, Papa Cyprien aliinamisha kichwa na hakwenda kukomunika.

Baada ya kutoka makaburini, watu walipokuwa wananawa mikono mlangoni mwa nyumba ya msiba, Papa Cyprien alikuja. Alimshika Mama Valérie mkono, akasema neno ambalo wengine hawakulisikia. Kisha akamfikia Pascasie, akanyoosha mkono. Pascasie aliuangalia ule mkono. Hakuukataa, wala hakuushika.

"Kesho asubuhi, papa," alimwambia. "Uje na nguo za kazi. Upande wa kuume wote bado haujaguswa."

Akaja parokiani, amechelewa, amevaa ovaroli ya zamani iliyombana tumbo. Hawakusalimiana. Papa Cyprien alilala chini ya upande wa kuume, Pascasie chini ya upande wa kushoto, na kwa muda mrefu kilichosikika ni burashi tu na vipande vya lami vinavyoanguka juu ya mawe. Mara mbili Papa Cyprien aliacha kukwangua akakohoa. Mara moja Pascasie alimsikia akipumua kwa shida, karibu kama mtu anayelia, lakini hakugeuka kumwangalia. Huruma hiyo hakuwa nayo, na hakutaka kuiigiza.

Saa sita ilipokaribia, Papa Cyprien alisema kutoka upande wake, "Hapa nimefika kwenye chuma."

Pascasie alitambaa akaja, akagonga pale kwa mgongo wa spana, akasikiliza.

"Bado," alisema. "Endelea."